Mbwa Mlinzi Hulelewa Kabla ya Miezi Minne

Mazungumzo ya leo yanahusu mtoto wa mbwa: namna ya kumfundisha mipaka na adabu angali mdogo. Najua wapo watakaoona jambo hili ni dogo, tena la watu wenye nafasi. Lakini katika ukanda wetu huu, kuanzia kaya za wafugaji wa Kishapu na Ushetu hadi machimbo ya Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu kule Geita, mbwa si pambo. Mchana anafuatana na vijana wanaochunga, usiku analala penye mlango wa zizi. Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, na kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, analinda viroba vya mawe ambavyo watu wamevitolea jasho na bado havijasagwa. Mbwa ana kazi, na kazi yake ni nzito, ila malezi yake hakuna anayeyapanga. Analetwa ndani ya boksi akiwa na umri wa mwezi mmoja, anafungwa kamba nyuma ya nyumba, anatupiwa ukoko wa ugali, anapigwa akikosea, na baada ya mwaka tunamtegemea awe mlinzi mwenye akili. Hoja yangu ni kwamba mbwa mlinzi hutengenezwa kabla hajafikisha miezi minne, hutengenezwa kwa tuzo na kwa msimamo wa watu wote wa nyumbani, na asiyefundishwa mipaka katika umri huo huwa hatari kwa wenye nyumba na majirani kabla hajawa hatari kwa mwizi.

Tuanze na umri, kwa sababu hapo ndipo tunapopoteza zaidi. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot walieleza jaribio lililofanyika Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Watoto wa mbwa walilelewa na mama zao ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio mrefu, wakapewa chakula na maji bila kuzoeana na binadamu. Wengine walitolewa wakiwa na wiki mbili, wengine tatu, tano, saba au tisa, kila kundi likakaa na watu kwa wiki moja kisha likarudishwa. Wale ambao hawakutolewa kabisa hadi wiki ya kumi na nne walibaki kama wanyama wa porini: walimkimbia mtu, na kuwafunza kutembea na kamba ikawa kazi ngumu mno. Scott na Fuller, waliofanya kazi hukohuko kwa miaka mingi, waliandika katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba dirisha la mbwa kujifunza nani ni mwenzake na kipi ni cha kawaida hufunguka karibu na wiki ya tatu, na huanza kufungika kati ya wiki ya kumi na mbili na ya kumi na nne. Sasa tupime desturi yetu kwa kipimo hicho. Mtoto wa mbwa anayefungwa nyuma ya nyumba tangu wiki ya tano, akingojwa akue ndipo afundishwe, anamaliza dirisha lote akiwa ameona ukuta, kamba na mkono unaotupa chakula. Atakapofunguliwa akiwa na miezi sita, kila mtu mgeni kwake atakuwa tishio, na hapo tutasema ni mkali. Mara nyingi huyo si mkali. Ni mwoga mwenye meno.

Kwa hiyo jambo la kwanza la malezi ni kumwonyesha dunia atakayoifanyia kazi, taratibu, akiwa bado anakubali kufundishika. Dunia ya huku kwetu ina mambo yake. Karasha linapiga kelele kuanzia asubuhi. Pikipiki zinapita mlangoni zikiwa na abiria na mizigo ya kila aina. Mchimbaji anatoka shimoni kapauka kwa vumbi la kutwa nzima, kavaa kofia ngumu na taa kichwani, na harufu yake si ile aliyoondoka nayo asubuhi. Kuna ng'ombe, mbuzi na kuku. Kuna mzee anayetembelea fimbo, mama aliyejitwika ndoo, watoto wa shule wanaokimbia. Kila kimoja mtoto wa mbwa akutane nacho kwa mbali kwanza, akiwa anakula au amepakatwa, kisha karibu zaidi kadiri anavyotulia. Akijikunja au kuficha mkia, rudi nyuma hatua chache; kumburuta mpaka kwenye karasha ili azoee ni kumfundisha kwamba karasha ni adui na wewe ndiye uliyempeleka kwake. Tena asichukuliwe mapema mno. Mtoto wa mbwa akiwa na ndugu zake hujifunza kupima nguvu ya meno: akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo huishia hapo. Somo hilo huiva karibu na wiki ya saba na ya nane. Anayemtoa kwa mama katika wiki ya nne kwa kuwa ameanza kulamba uji anamnyima mtoto huyo walimu wake bora, na zigo linamwangukia yeye mwenyewe.

Adabu zenyewe tunazozihitaji si nyingi. Aje anapoitwa kwa jina. Asiruke juu ya watu. Asiingie jikoni wala stoo. Asifukuze kuku, wala mbuzi, wala pikipiki. Akubali kamba. Akubali kushikwa masikio, miguu na mdomo. Na aweze kungoja. Hili la kungoja nitalikalia kidogo, maana wakati wa chakula ndio darasa rahisi kuliko yote na linapatikana kila siku bila gharama. Unashika sahani yenye ugali uliochanganywa na dagaa. Mtoto wa mbwa anaruka, anabweka, anaparamia miguu yako. Usiseme kitu, usimsukume. Simama tu na sahani yako juu. Baada ya muda atachoka na kuketi, na anapoketi ndipo sahani inapoanza kushuka. Akiinuka kabla haijafika chini, inapanda tena. Siku ya kwanza utapandisha na kushusha mara nyingi hadi mkono uchoke. Siku ya tatu au ya nne, wengi wao huketi wenyewe wakiiona sahani. Hakuna kelele iliyopigwa wala kofi, na mnyama amejifunza jambo kubwa: kinachompatia anachokitaka ni utulivu wake. Somo hilohilo unalipeleka mlangoni, unalipeleka anapofunguliwa kamba, unalipeleka kwa mgeni anayeingia uani. Miguu minne ikiwa chini anasalimiwa na kupapaswa. Ikiwa juu ya nguo za mgeni, mgeni anamgeuzia mgongo.

Kung'ata nako kunahitaji subira ya namna hiyo. Mtoto wa mbwa anaota meno, na atatafuna kandambili, pindo la kanga na vidole vya watoto. Meno yakigusa ngozi, mchezo ukome papo hapo: mkono utulie, mtu asimame, asimwangalie kwa muda mfupi, kisha apewe kitu chake halali cha kutafuna, kama kipande kigumu cha ngozi ya ng'ombe. Kosa linalofanyika sana ni la watoto wetu, nao hatuwezi kuwalaumu kwa kuwa hakuna aliyewaambia: mtoto akiguswa na meno anakimbia huku akipiga kelele, na kwa mbwa mdogo hakuna mchezo mtamu kama huo. Afundishwe mtoto wa mtu kusimama kama mti, mikono kifuani, bila sauti. Na kuna sheria tatu ambazo mtu mzima wa nyumba anapaswa azisimamie bila mjadala: mbwa asisumbuliwe akiwa anakula, asisumbuliwe akiwa amelala, na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata awe mpole namna gani. Mipaka ni ya pande mbili.

Hapa lazima nikutane na fimbo, maana najua wasikilizaji wengi wameanza kutikisa kichwa. Watasema wazee wetu walifuga mbwa kwa fimbo na mbwa walikuwa na heshima. Sikatai kwamba kipigo kinazuia tendo; kinalizuia kwa wakati ule na mbele ya aliyeshika fimbo. Shida yake ni kwamba hakimwambii mnyama afanye nini badala yake, na mara nyingi kinafika kikiwa kimechelewa. Mama anarudi kutoka sokoni Katoro, anakuta unga umemwagwa, anamwita mbwa, mbwa anakuja, anapigwa. Kwa akili ya mbwa, unga ulimwagwa zamani. Alichokifanya sasa hivi ni kuja alipoitwa, na ndicho kilichompatia kipigo. Tunasema uso wake ulionyesha anajua kosa. Mtafiti Alexandra Horowitz alilipima jambo hilo katika utafiti uliotolewa mwaka 2009: wenye mbwa waliambiwa wakati mwingine ukweli na wakati mwingine uongo kuhusu kama mbwa wao amekula kilichokatazwa. Ule uso wa hatia ulionekana kwa sababu mwenye mbwa aligomba, wala haukutegemea kama mbwa alikosa kweli. Na ulikuwa mkubwa zaidi kwa mbwa waliogombezwa bure. Mwaka huohuo wa 2009, Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwauliza watu waliopeleka mbwa wao kliniki kwa matatizo ya tabia ni njia zipi walizitumia na mbwa aliitikiaje. Miongoni mwa waliowahi kuwapiga makofi au mateke, 43 katika kila 100 walisema mbwa aliwageukia kwa ukali. Kweli, hao walikuwa mbwa wenye matatizo tayari, na hatuwezi kusema hesabu hiyo ni ya kila mbwa. Lakini mbwa mwenye matatizo ndiye hasa tunayemkimbilia na fimbo.

Na anayedhani kufundisha kwa tuzo ni mambo ya Ulaya atazame Morogoro. Shirika la APOPO lipo pale kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine tangu mwaka 2000, likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya huzoeshwa watu na sauti wakiwa wachanga wa wiki chache tu, kisha hufundishwa kwa mlio mdogo unaofuatwa na kipande cha ndizi au chakula kingine. Magawa, aliyezaliwa hapo Morogoro mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na baruti zaidi ya mia moja, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Kazi ile haina nafasi ya kukosea, kwa sababu nyuma ya panya anatembea mtu. Waliomfundisha ni Watanzania, nao wangekuwa na kila sababu ya kutumia ukali kama ukali ungeleta uhakika. Walichokitumia ni wakati: mlio na chakula vinafika katika sekunde ileile panya anapofanya sawasawa. Huo ndio ufundi wote, na mbwa anaushika haraka.

Kitu kigumu zaidi kwetu, kwa maoni yangu, ni msimamo wa nyumba nzima. Kaya zetu ni kubwa. Baba anamfukuza mbwa jikoni, bibi anamwita ndani na kumpa mfupa, kijana anamchochea abwekee wapita njia kwa kujifurahisha, binti anamkataza. Mbwa hapo hafundishwi mpaka; anafundishwa kucheza bahati nasibu, na bahati nasibu hujaribiwa kila siku. Watu wa Shinyanga wanajua mpaka usio na ukuta unavyoshika. Ngitili zetu, yale maeneo ya malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi, nyingi hazikuwekewa senyenge. Zilirudi kwa nguvu baada ya mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuanza mwaka 1986, zikafikia zaidi ya hekta 300,000, kwa sababu kijiji kizima kilikubaliana na kila aliyeingiza mifugo aliulizwa. Anayemruhusu ndugu yake leo na kumtoza faini jirani kesho hana ngitili, ana ugomvi. Mlango wa jikoni nao unataka makubaliano ya namna hiyo: kabla mtoto wa mbwa hajaletwa, watu wa nyumbani wakae chini waamue ataingia wapi, atalala wapi, nani atamlisha, na ni maneno gani yatatumika. Kama "kaa" ndilo neno, basi asitokee wa kusema "lala" akimaanisha jambo lilelile.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka kwa wenye mali ya kulinda: mbwa mwenye adabu hazuii mwizi. Wapo wanaoamini mbwa lazima afungiwe chumba cha giza mchana kutwa, alishwe pilipili, asizoee mtu. Naichukulia hofu yao kwa uzito. Penye dhahabu pana wizi, na mtu aliyelala na viroba vyake hana muda wa nadharia. Lakini tuulize mlinzi anafanya nini. Kazi ya kwanza ya mbwa ni kutambua kisicho cha kawaida na kutoa taarifa. Mbwa anayebwekea kila pikipiki, kila mbuzi na kila jirani hatoi taarifa yoyote. Mwenye nyumba anamzoea na kuendelea kulala, na usiku mwizi akija, mlio ni uleule. Mbwa aliyezoeshwa yaliyo ya kawaida ndiye ambaye sauti yake saa nane za usiku ina maana. Kazi ya pili ni kusimama badala ya kukimbia, na mwoga aliyekulia gizani hukimbia akipata upenyo, au humrukia wa kwanza anayemfikia, ambaye mara nyingi ni mtu wa humohumo ndani. Ushahidi upo Namibia, ambako mfuko wa kuhifadhi duma umekuwa ukiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mifugo tangu mwaka 1994. Watoto wa mbwa huwekwa pamoja na mbuzi na kondoo wakiwa na wiki chache tu, wanafundishwa kutokimbiza, kutocheza na wana-mbuzi na kubaki na kundi. Wakikua hulala katikati ya mbuzi bila kumgusa hata mmoja, na hao hao ndio wanaomkabili duma na chui. Hata mbwa wa Jeshi la Polisi thamani yake ni kwamba anaachia anapoamriwa. Ukali usio na mwisho hauna anayeuongoza.

Na tuwakumbuke wanaolinda pamoja na mbwa wetu. Sungusungu walianzia pande hizi za Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika vijiji vingi doria ya usiku bado ni ya watu wa kijiji wenyewe. Yowe likipigwa, watu wanatoka mbio gizani, wanakatiza uani kwa watu. Kijana anayekuja kukusaidia aking'atwa na mbwa wako, kesho yowe lako litapata waitikaji wachache. Mbwa anayejibu jina lake na kutulia akiambiwa "tulia" ni sehemu ya ulinzi wa mtaa. Asiyetii ni kizuizi.

Sasa nifike kwenye sababu inayonifanya nilizungumze jambo hili kwa mkazo, nayo ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake vimo kwenye mate, huingia kwa jeraha la meno, husafiri kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na dalili zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa. Duniani inakadiriwa watu 59,000 hufa kila mwaka, karibu wote wakiwa wameng'atwa na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio ya watafiti yaliyotolewa mwaka 2002 yalikuwa takriban vifo 1,500 kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema 40 katika kila 100 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Asingoje kuona mbwa atakuwaje. Lakini njia inayokomesha ugonjwa ni kumchanja mbwa. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi katika wilaya zinazopakana na Serengeti ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa wasiozidi wawili, na ndiyo maana kuchanja mbwa 70 katika kila 100 kunatosha kuukata mnyororo.

Hiyo 70 ndiyo inayotuunganisha na adabu. Chanjo hutolewa kwenye uwanja wa shule au ofisi ya kijiji, na mbwa huletwa wakivutwa kwa kamba, mara nyingi na watoto. Anayefika ni mbwa anayekubali kamba. Yule aliyelelewa kwa giza na pilipili, ambaye mwenyewe hawezi kumshika shingo, anabaki nyumbani. Na huyo ndiye mng'ataji. Kuna pia walioachwa kwa kudhaniwa ni wachanga mno, ilhali Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kampeni za kichaa zichanje mbwa wote, hata walio chini ya miezi mitatu. Kwa kuwa mbwa wetu wengi hawaishi miaka mingi na wapya wanazaliwa kila msimu, watoto wakiachwa, pengo linazibwa mwaka huu na kufunguka mwakani. Dakika mbili kwa siku zinatosha kumwandaa mtoto wa mbwa kwa siku ya chanjo: mvalishe kamba laini wakati wa kula, mwache atembee nayo ikiburuta, kisha ishike kidogo, kisha mwite aje kwako bila kumvuta. Siku nyingine shika shingo kwa mkono mmoja, finya ngozi ya bega taratibu kwa mwingine, mpe dagaa. Siku ya sindano itakuwa kama siku zote.

Wapo watakaosema chakula chenyewe cha watu ni shida, tuzo itoke wapi? Tuzo haihitaji kuongezwa juu ya chakula. Ni chakula kilekile cha siku, sehemu yake ikitolewa kidogo kidogo kwa kazi badala ya kumwagwa sahanini chote kwa pamoja. Na kama kaya haina chakula cha kumtosha mbwa mmoja, ni bora isichukue wa pili. Mbwa mwenye njaa hana mipaka, atavunja kila mlango ulioko kijijini, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Muda nao si mwingi: ni wakati wa chakula, wakati wa kufungua zizi, wakati wa kutoka na kurudi. Tunautumia tayari, tofauti ni kuutumia tukiwa macho.

Pingamizi lingine linastahili heshima ya pekee. Kwa majirani zetu Waislamu, ambao wengi Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Haifai kumlazimisha mtu akubali kulambwa ili mbwa wako azoee watu. Ila tazama: anayehitaji zaidi mbwa mwenye mipaka ni jirani huyo hasa, anayepita kwenda msikitini alfajiri akiwa na udhu. Kuzoeshwa watu hakumaanishi kuwarukia. Mtoto wa mbwa anaweza kujifunza kumwona mpita njia, akatulia penye mlango wake na kupewa tuzo kwa kutulia huko. Na Qurani yenyewe inaruhusu windo la mnyama aliyefundishwa kuwinda, na katika kisa cha Watu wa Pangoni mbwa wao anatajwa akiwa kizingitini, miguu ya mbele ameinyoosha.

Kwenye machimbo mpaka ni uhai wa mbwa mwenyewe. Maduara yaliyoachwa hayana mfuniko, na mtoto wa mbwa anayezurura hutumbukia. Mialoni, dhahabu inakooshwa, kuna maji yenye zebaki, na kwenye mitambo ya kuchenjulia marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuoshwa, kuna sayanaidi, ambayo mnyama akiinywa hufa haraka. Uzio uwepo kwanza, hilo ni jukumu la mwenye mtambo. Juu ya uzio, mbwa azoee kunywa kwenye chombo chake tu, kilicho na maji safi wakati wote, na arudi akiitwa hata akiwa amenusa kitu kitamu. Fundisha kuitwa kwa kuanzia hatua chache, ongeza umbali polepole, na usimwite kamwe ili umpige au umfungie.

Kwa aliye na mbwa mkubwa aliyekwisha kuharibika, njia haijafungwa, ila ni ndefu na haina uhakika uleule: awe ndani ya uzio au kwenye kamba ndefu mchana, asiachwe na watoto, aanze upya na sahani ya chakula kana kwamba ana miezi miwili, na siku ya chanjo mwenye mbwa azungumze mapema na afisa mifugo wa kata ili afuatwe nyumbani badala ya kupelekwa kwenye mkusanyiko. Kwa viongozi wa vijiji na mitaa ninalo ombi moja. Kila mwaka ifikapo Septemba 28 dunia huadhimisha siku ya kichaa cha mbwa, na chanjo nyingi hutangazwa karibu na tarehe hiyo. Tangazo lisomwe wiki mbili kabla, kwenye mkutano, misikitini, makanisani na shuleni, na litamke wazi kwamba watoto wa mbwa nao wanatakiwa. Wiki mbili zinatosha kumzoesha mdogo kamba na kushikwa shingo. Tangazo likitolewa jioni ya kuamkia siku yenyewe, watakaofika ni mbwa walewale waliofika mwaka jana.